Mlango wa Ukumbi wa Larkwell

Mpendwa mdogo wangu Solveig,

Nakusalimu nikiwa kitandani. Natumaini goti lako limepata nafuu na mabomba ya nyumbani hayajaganda. Mimi pumzi zinakatika, na naogopa. Kuna jambo kuhusu kifo cha mumeo Orval ambalo nimekuficha miaka yote hii. Siwezi kuondoka nalo.

Jana mwanao Dalton aliniletea supu yako. Bado anachekelea kuchaguliwa mwenyekiti wa halmashauri. Akaniambia kwamba Jumanne watapiga kura ukumbi wetu wa Larkwell uwe unafungwa kwa ufunguo majira ya baridi, maana watu wanavuka mpaka kwa miguu kutoka Marekani kuja huku kwetu. Nikamkumbusha kuwa tangu enzi za babu mlango ule huachwa wazi, ili aliyekutwa na dhoruba ya theluji apate pa kuingia. Akacheka. "Mjomba, zamani mlijua hata mbwa wa jirani anaitwaje. Sasa hivi nani anajua kina nani wanalala mle?"

Wanda Prystupa, yule diwani wa kaskazini, alikuwa amefuatana naye. Akadakia, "Funga tu, bwana mkubwa. Ila koleo la kufukulia maiti kwenye theluji utalishika wewe."

Dalton akaacha kucheka. Akasema siku ya baba yake mlango haukufungwa, na baba alikufa vilevile, kwa kuwa barafu iliugandisha. "Wewe ndiye uliyemkuta pale nje, Mjomba. Mwambie."

Walipoondoka nikamwomba muuguzi karatasi na kalamu. Hoja yote ya kijana imesimama juu ya maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa uongo.

Mwaka ule aliokufa Orval, mwenyekiti nilikuwa mimi. Redio ilikuwa ikitutisha kwa habari za muuaji aliyetoroka gerezani ng'ambo ya mpaka. Niliwaambia nyote kwamba nilifika ukumbini dhoruba ilipotulia. Si kweli.

Wasalimie wajukuu. Msomee Dalton barua hii kabla ya Jumanne, hata kama hutataka kuniona tena. Kifo nakiogopa, lakini uso wako nauogopa zaidi.

Mlango haukuganda, Solveig. Nilikuwa ndani tangu mchana, nimeufunga kwa ufunguo. Nilisikia mtu akibisha, nikanyamaza mpaka akaacha.

Kaka yako,
Einar