Tasnifu Niliyoiskani Bila Kuisoma

Ijumaa. Jua limekuwa kali tangu asubuhi, na upepo wa mchana umejaza vumbi kwenye kibodi zote. Naandika nikiwa maktaba, zimebaki dakika arobaini nifunge.

Sina hisia yoyote leo. Mke wangu aliniuliza asubuhi kama naumwa, nikasema hapana, na ni kweli siumwi. Ninakula, ninalala, ninapanda boda kutoka mtaa wa Wabera, ninafungua mlango saa mbili. Kile kingine ambacho mtu huwa nacho, sijui changu kilienda wapi.

Nitaandika mambo ya wiki hii jinsi yalivyofuatana. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mwenye habari yenyewe nimempigia simu leo nikamwomba ruhusa ya kuiandika hapa mtandaoni. Nilimweleza ni nani anaweza kuisoma, yaani mtu yeyote, popote alipo, hata miaka kumi ijayo. Nilimweleza polepole na nikamwachia nafasi ya kukataa. Sijawahi kumweleza mtu hivyo hapo awali, na nimefanya kazi hii miaka tisa.

Kwa wasionijua, ninasimamia maktaba ya tawi dogo la chuo kikuu hapa Isiolo, moja ya matawi yaliyofunguliwa mjini baada ya kaunti kuanza. Nilipoajiriwa nilipewa muhuri, kidau cha wino na vitabu. Siku hizi wanafunzi wanakuja kwa sababu ya waifai na soketi za kuchajia simu. Rafu mbili ziliondolewa tukaweka meza za kompyuta. Sisemi ni vibaya. Kuna msichana wa Merti anayekaa dirishani kila siku akisoma makala ya madaktari wa mifugo wa nchi ambazo hatafika. Zamani nisingekuwa na cha kumpa.

Lakini kazi yangu kubwa sasa ni skana.

Tasnifu za wanafunzi waliotangulia zina majalada magumu ya rangi ya damu ya mzee. Zilikuwa zinakaa kwenye kabati la kioo lenye kufuli, na mtu akitaka kuisoma moja anatia sahihi daftarini. Waliowahi kutia sahihi hawajazi ukurasa. Kisha tukaagizwa kutoka makao makuu ya chuo tuzipandishe zote mtandaoni. Kila mwezi kuna mkutano kwenye skrini ambapo tawi lililopandisha kazi nyingi linasifiwa. Letu limesifiwa mara tatu mfululizo.

Ninaweka ukurasa, ninafunga kifuniko, mwanga unapita, ninageuza. Kabati lote nimelimaliza hivyo. Sikusoma hata moja.

Jumatatu, saa nne hivi, askari wa getini alinipigia kuniambia kuna mama anatafuta maktaba. Nilidhani amepotea, maana wazazi huja kwa ajili ya karo. Akaingia mwanamke wa miaka kama sabini, mrefu, amejifunga buibui yenye vumbi la safari. Alikuwa ametoka Kulamawe kwa gari la alfajiri.

"Salaam aleikum, mwalimu," akasema. Hapa kila anayekaa karibu na vitabu huitwa mwalimu.

Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Nitamwita Mama Darmi. Akanipa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, kichwa cha tasnifu moja ya miaka ya mwanzo ya tawi letu, kuhusu wanawake wa huku na ukame.

"Hii maneno yangu iko ndani ya simu za watu," akasema. "Nataka itoke."

Habari yake aliisimulia kwa Kiswahili cha taratibu, akitafuta neno moja moja. Mimi ni Mturkana wa hapa mjini, na Kiborana changu ni cha salamu na sokoni, kwa hiyo tulisaidiana.

Miaka ile alikuja kijana wa chuo chetu, mtoto wa watu anaowajua, akiuliza wanawake wakubwa jinsi walivyopita katika ukame wa zamani. Mama Darmi alikuwa amekaa na jambo moja kifuani karibu miaka arobaini. Kijana alikuwa na adabu, alikunywa chai yake, alinyamaza vizuri. Akamwambia. Kwamba mwanawe wa kwanza, Guyo, hakumzaa yeye. Mama mzazi alifia njiani wakati watu wanahama kutafuta maji, Guyo akiwa hajaota meno. Mume wake Mama Darmi alijua, na alishafariki. Guyo mwenyewe hakujua.

Kijana alimwambia maneno hayo ni ya masomo, yatakaa chuoni. Mama Darmi akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Na kwa kweli yalikaa chuoni, kabatini kwangu, kufuli imefungwa, mpaka mimi nilipoyatoa.

Mjukuu wake, Talaso, binti wa huyo Guyo, anasomea uuguzi Meru. Alikuwa anatafuta kitu cha kazi ya darasani, akaandika jina la kwao kwenye simu, ikaja tasnifu. Kwenye kiambatisho cha nyuma akaona jina la nyanya yake. Alifurahi sana. Bila kusoma zaidi ya mistari ya juu, akamtumia baba yake ukurasa mzima ili naye ajivunie.

Guyo alifika kidato cha nne. Kiingereza anakisoma.

Hakugombana na mtu. Alikusanya mifugo yake akasogea upande wa Merti, na kwa miezi miwili hakuwa amepokea simu ya mama yake. Wadogo zake hawajui sababu. Mama Darmi alikuja ili maneno yatoke kabla hawajayaona nao, maana kuna mifugo ya marehemu baba yao ambayo haijagawanywa.

Nilisikiliza yote hayo, nikatikisa kichwa pale panapostahili. Nakiri hapa kwamba nilikuwa nawaza faili hiyo iko kwenye folda gani.

Nilipiga simu makao makuu mbele yake. Mkuu wetu wa maktaba, tunayemwita Madam, si mtu mbaya. Alinisikiliza. Akasema kazi ikishapandishwa haitolewi ila mwandishi mwenyewe aombe kwa fomu, na fomu ipite kwenye kamati, na kamati inakaa mwisho wa muhula. Akasema pia kwamba tukianza kutoa moja, tutatoa ngapi. Nilimjibu sawa Madam. Huwa namjibu sawa Madam.

Nilipomweleza Mama Darmi, nilitegemea alie au anilaani. Alikaa tu akitazama kabati la kioo.

"Basi nisomee," akasema. "Mimi sijawahi kusikia ile nilisema."

Sikuwa nimefikiria hilo. Watu kutoka mabara yote wanaweza kuyafungua maneno yake, na yeye peke yake, asiyejua kusoma, hajui yameandikwaje.

Nilifungua kabati nikaitoa. Kwanza nikakutana na fomu ya idhini, na alama ya kidole chake ya wino wa buluu, na juu yake mstari unaosema habari hii itatumika kwa ajili ya masomo pekee. Ukurasa huo uliwahi kulala chini ya mkono wangu kwenye skana. Nilijaribu kuukumbuka, sikuweza.

Nikasoma. Yeye alisema kwa Kiborana, kijana akaandika kwa Kiingereza, na mimi nikawa nakigeuza kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi. Wanafunzi wawili waliokuwa karibu walitoa vidude masikioni, nikapunguza sauti. Alikuwa akikubali kwa kichwa: ndiyo, ngamia wawili, ndiyo, kisima kilikuwa kimekauka. Halafu nikafika hapa: "Njiani niliokota mtoto wa mwanamke aliyekufa, nikaendelea na safari."

Akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia.

"Hapana," akasema. "Mimi sikuokota. Kuni ndiyo inaokotwa. Mimi nilipewa."

Akanieleza. Mwanamke yule alikuwa hajafa. Mama Darmi alikaa naye siku mbili chini ya kivuli cha mzigo wa ngamia, wengine wakiwa wametangulia. Walizungumza. Yule mwanamke aliuliza ana watoto wangapi, akajibiwa hana, kwamba mimba mbili zimeharibika. Siku ya pili asubuhi alimfunga mtoto mwenyewe mgongoni mwa Mama Darmi kwa kanga yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili kwa sababu mikono yake haikuwa na nguvu, akamwambia huyu ni wako. Mama Darmi hakuondoka. Alimsubiri mpaka akafa jioni, akamzika kwa mawe, ndipo akafuata wenzake.

Siku mbili. Kwenye tasnifu ni mstari mmoja, na mstari wenyewe haukuwa hivyo.

Nilitaka kuandika hapa kwamba nililia. Sikulia. Mikono tu ilinitoka jasho, nikaipangusa kwenye suruali nisilowanishe ukurasa.

"Guyo amesoma ameokotwa," akasema, si kwangu hasa. Kisha akaniomba karatasi.

Nikamwandikia. Alikuwa akisema nami ninaandika kwa Kiswahili, maneno yake kama yalivyo, sikurekebisha chochote. Kila nikimaliza kipande, ananiambia nisome, nasoma, ananyoosha neno, tunaendelea. Tulifika saa saba tukiwa na kurasa mbili na nusu. Mwanafunzi mmoja alitaka kusaidiwa paswodi, nikamwambia asubiri, akasubiri. Mama Darmi alikunja karatasi akaiweka ndani ya nguo, akasema Talaso atamsomea baba yake. Kama Guyo atapokea simu.

Nilimsindikiza mpaka barabarani akapata gari la Meru, aende kwa Talaso. Niliporudi nilikaa mbele ya kompyuta, nikaingia kwa paswodi yangu, nikaificha ile tasnifu. Kuna kisanduku unakibonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuskani ukurasa mmoja. Mistari miwili bado inaonekana mtu akitafuta, lakini ukibonyeza haifunguki. Vijana wa kompyuta wanasema hiyo nayo itafutika yenyewe baada ya siku kadhaa.

Jumanne nilimtafuta mwandishi. Siku hizi ana kazi nzuri kwenye shirika moja, mji mwingine. Mwanzoni alinikumbusha kwamba mama aliweka kidole. Nikamsomea sentensi yake, kisha nikamsomea ya mama. Akasema rekodi ilikuwa ndefu, msimamizi wake alitaka kurasa chache, na simu aliyorekodia iliibwa zamani. Akasema ile tasnifu ameiweka kwenye maombi yake yote ya kazi. Nikamtumia fomu. Aliahidi kuifikiria. Leo ni Ijumaa, haijarudi.

Jumatano barua pepe ya Madam ikaja. Ameona hesabu ya tawi letu imepungua kwa moja. Anataka maelezo kwa maandishi kufikia Jumatatu: nani aliificha, kwa mamlaka gani. Niliisoma nikaenda kuwasha skana, kwa mazoea. Nilisimama mbele yake mkononi nikiwa na tasnifu mpya ya mtu mwingine, sijui ya nani, na sikuiweka. Alhamisi pia sikuskani kitu. Nilipanga magazeti.

Wala sikuogopa. Ningependa ningeogopa kidogo, ni mshahara wetu huu, na mke wangu ana haki ya kuogopa ingawa bado sijamwambia. Nitamwambia kesho.

Leo mchana ndipo nilipompigia Mama Darmi, kuomba ile ruhusa niliyotaja. Akakubali. Halafu, kama mtu anayeongeza habari ya mvua, akaniambia Guyo alipiga simu jana.

Talaso alikuwa amemsomea baba yake kurasa zote mbili na nusu siku ya Jumanne. Alipomaliza, baba alikata simu. Jana alasiri akampigia mama yake mwenyewe. Hakuomba msamaha, wala hakusema atarudi lini. Hakusema kama atawaambia wadogo zake. Aliuliza swali moja tu: yule mama aliitwa nani.

Mama Darmi alikuwa analijua jina. Siku mbili walizungumza, angekosaje kulijua. Akamwambia, pamoja na jina la mahali yule mama alipozikwa na la baba wa huyo mama. Guyo akamwomba arudie taratibu, akayarudia na yeye.

Niliinuka na simu sikioni, nikafungua kabati, nikaipitia ile tasnifu haraka mpaka kiambatisho. Jina hilo halimo. Hakuna aliyeuliza.

"Mwalimu, aliitwa—" akaanza kuniambia.

Nikamwambia hapana mama, baki nalo, hilo ni la Guyo. Akacheka kidogo. Tukaagana.

Barua ya Madam nitaiandika Jumapili baada ya kanisa. Nitaandika kwamba niliificha mimi, bila mamlaka ya mtu, na nitaomba zile nyingine zenye majina ya watu zifichwe mpaka zisomwe. Atauliza nani ana muda wa kuzisoma.

Nimetoa ya kwanza, rafu ya juu kushoto. Ina kurasa mia moja na kumi na mbili. Naenda nayo nyumbani.