Neti Niliyoweka Chumbani Kwako

Fundi wangu Guyo,

Salaam aleikum. Unajua mimi ni mwanamke wa kanisa, lakini miaka tisa ya kukuchanganyia simiti ilinizoesha salamu yako.

Nina swali lililonisumbua tangu ukiwa hai. Wewe ndiye uliyekuwa ukiziba matundu ya hewa kwa neti huku Isiolo, na watu walikuja kukuita mpaka kutoka Kinna. Neti laini, ya kuzuia hata mbu mdogo. Lakini chumbani kwako, juu ya kitanda, tundu lilikuwa na waya ya kofitrei tu, ile ya kuanikia kahawa, ambayo nyigu anapita bila hata kuinama. Nilikutania kwamba mganga hajigangi. Ukacheka, ukasema, "Kendi, nyumba yangu naijua." Basi, ukaendelea kupiga plasta. Mbona hukunieleza, Fundi?

Tulikuzika kukiwa kukavu. Mvua ilipokuja, ilikuja na wadudu wote aliowaumba Mungu. Mama Dida, mkeo, alikuwa amekaa eda, hatoki, na wadudu wakamfuata humo humo ndani. Kuna yule mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeunguza ngozi ukimponda. Alimwachia Mama kidonda shingoni. Aliponionyesha niliona aibu. Mjane wa fundi wa neti anasumbuliwa na wadudu wa tundu la hewa! Siku hiyo hiyo nikapanda ngazi. Neti laini nje, neti laini ndani, pembeni nikapiga simiti, sisimizi asipate pa kupita. Nilishuka nikijisifu, nikasema hata wewe ungekosa la kukosoa.

Wadudu waliisha. Mama akaanza kulalamika kichwa. Kila siku kichwa, kifua kizito, miguu haina nguvu. Wanawake waliokuja kumwona walisema ni msiba huo, utapungua. Na mimi nikasema hivyo hivyo.

Asubuhi moja nilimpelekea maziwa ya ngamia. Nikabisha, kimya. Nikasukuma mlango. Alikuwa sakafuni kando ya kigae cha makaa, chombo chake cha maziwa kimebiringika, chumba chote moshi. Nilimburuta hadi uani nikipiga mayowe. Fundi, nilijua amekufa. Alipofungua macho alitapika, kisha akaniuliza mbona nalia. Hospitalini walituambia ni hewa ya makaa, na kwamba tungechelewa kidogo tu, tungekuwa na kaburi la pili.

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Miaka yote Mama alivifukiza vyombo vyake vya maziwa kwa moshi wa makaa nyuma ya jikoni, maziwa yakae na yanukie, kama mama yeyote wa Kiborana. Lakini siku za eda wanaume walikuwa wakija kutoa pole na kukaa uani, na yeye hakutaka kuonwa nao. Akahamisha makaa chumbani, akafunga mlango. Mimi niliyefunga tundu sikumuuliza anafanya nini mle ndani. Nilitazama wadudu tu.

Nilizing'oa zile neti nikaziinua juani. Hakuna mwanga uliopita. Vumbi letu la Isiolo, masizi, mabawa ya kumbikumbi, vyote vimeshikana vikawa kama tope kavu. Nikawa na hamu ya kujua. Nilichukua kipande cha gunia, nikakiwasha chini ya tundu tupu: moshi ukatoka. Nikaweka kofitrei: ukatoka. Nikaweka neti mpya: ukasita, halafu ukatoka kidogo kidogo. Nikarudisha ile chafu: moshi ukageuka, ukanirudia usoni. Nilirudia mara tatu, nakohoa, natokwa na machozi, nataka kuona tena. Ungeniambia nashindwa kutofautisha kazi na mchezo.

Jioni nikamuuliza Mama kuhusu kofitrei yako. Alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alisema mlipooana tu uliweka neti laini pale pale. Ikaja baridi ya mwezi wa saba, mkaingiza jiko ndani, mkaamka hamwezi kusimama. Ukaing'oa neti kwa mikono yako. Na kwa sababu ulikuwa fundi wa neti, ukaona haya, ukamwapisha asimwambie mtu. Nikamuuliza mbona safari hii hakukumbuka. Alisema alidhani hivyo ndivyo mjane anavyojisikia.

Nilikukasirikia siku mbili nzima. Wewe uliyenifundisha kuuliza si ujinga! Nikikuuliza, unacheka. Halafu hasira ikanigeukia, maana wewe ulinyamaza, lakini mkono uliopiga ile simiti ni wangu.

Sasa chumbani kuna kofitrei kwa nje, na kwa ndani fremu ndogo ya mbao yenye neti, inayoshikiliwa kwa ndoano mbili. Naishusha kila wiki, naisugua kwa brashi, naiosha, naianika. Mdudu haingii na hewa inapita. Lakini hata hivyo makaa hayaingii tena. Nyuma ya jikoni nimesimamisha ua wa mikeka, Mama anafukiza vyombo vyake kwa stara. Kichwa kimepona. Jana alinigombeza kwa kumwagia maji mikeka, nikafurahi.

Kilichobaki ndicho kinachoninyima raha. Zile nyumba nyingine zote, Fundi. Yule mwalimu wa Garbatulla mwenye watoto wanne. Yule bibi wa Merti anayelala na jiko. Neti zetu ziko pale, hakuna aliyeambiwa azisugue, na baridi inakuja. Jumamosi naanza, na ngazi yako na brashi. Wataniuliza nimejuaje, na mimi siwezi kudanganya watu kuhusu pumzi yao. Nitawaambia lililokupata wewe na mkeo.

Kwa hiyo nisamehe. Uliificha aibu yako mpaka kaburini, na mimi naahidi kuitangaza nyumba kwa nyumba, mpaka mlango wa mwisho tuliofanyia kazi. Mungu akulaze pema, Fundi.

Wako,
Kendi