Bakuli Tupu la Mwalimu Birita

Jumanne, 2 Septemba
Kuchambua maharage. Haya ya mlimani Vidunda yana mawe mwaka huu, nadhani wanatupimia na mlima wenyewe. Anaandika Salma, mkwe wangu. Mimi kalamu siijui. Jirani kapita. Mwalimu Birita, Mjerumani, anafundisha hesabu hapa Mikumi. Mwaka wa pili huu tunakula wote barazani kwangu. Leo ana mafua, hataki kukaa. "Shikamoo Bibi Tatu!" Marahaba, umekula? "Nimekula." Muongo wewe, kwako sijaona moshi. "Gesi haina moshi, Bibi!" Nikacheka mpaka nyonga ikauma. Nyonga hii niliiangukia kijijini Tindiga kwenye jaruba la mpunga, ila hayo mengine. Nimempelekea wali maharage kwenye bakuli langu la maua.

Alhamisi, 4 Septemba
Bakuli limerudi. Kaliacha mlangoni wakati niko sokoni. Limesuguliwa linang'aa. Ndani hamna kitu. Kwetu chombo cha jirani hukirudishi kitupu, hata chumvi utatia, hata ndimu moja. Kitupu maana yake basi, usilete tena. Nimeumia. Mtu nimemfundisha kusonga ugali kwa mikono yangu hii.

Jumanne, 9 Septemba
Tangu juzi kaja mara tatu. Hodi, hodi Bibi. Nanyamaza. Nimemwambia Salma, akija sema nimelala. "Mama, saa nne asubuhi?" Nimelala! Salma anasema uso wa mwalimu si mzuri, ana jambo. Na mimi ninalo. Nyani kaingia, kabeba mahindi. Nimemtukana nyani kuliko kosa lake.

Ijumaa, 12 Septemba
Mchana nimesikia kilio kwa Birita. Si kilio cha kwetu cha kupaza. Kidogo kidogo, kama mtu kajiziba na mto. Nikajifunga khanga. Nikafika kwenye michongoma. Nikakumbuka bakuli. Nikarudi. Hilo la kurudi liandike Salma, usilipunguze.

Jumamosi, 13 Septemba
Birita kaondoka. Basi la alfajiri. Kaja mwalimu mwenzake, Komba. "Bibi, kwani hukujua? Mama yake alikuwa mahututi wiki nzima. Jana kafariki." Mkataba wake ulikuwa unaishia, harudi tena. Nikamuuliza Komba habari ya bakuli. Kashangaa. Anasema Birita alimwambia kwao chombo unakiosha vizuri tu, ukitia kitu ni kama unalipia chakula cha rafiki. Aliona aibu kunilipa.
Hodi tatu. Alikuja kuniambia mama anaumwa. Mimi nimejifunika shuka.

Jumanne, 16 Septemba
Siku ya tatu leo nimekaa matanga. Mkeka barazani, khanga kichwani. Jiko sijawasha, Salma kapika kwake. Wapitao wanauliza, Bibi Tatu, umefiwa na nani? Mama yake Birita. Ulikuwa unamjua? Simjui. Wengine wamecheka. Wengine wamevua ndala wakakaa. Yule mama wa Kisukuma muuza maziwa hakuuliza kitu. Kaweka dumu chini, kakaa nami mkekani mpaka jua likahamia ukutani. Wakati wa kuondoka kanishika mkono.
"Pole, Bibi."
Nimeshapoa, nikamwambia.
Pole haikuwa yangu. Nimempokelea Birita.