Moshi Juu ya Daraja

Thornby, 9 Novemba 1964

Dada Winifred,

Mvua haijakatika, na paa la kanisa linavuja tena. Ile picha niliyoipiga ya treni ya mwisho kabla ya reli yetu kufungwa imetoka gazetini. Treni ilichelewa, nikaisubiri darajani dakika arobaini.

Asubuhi hiyohiyo Mzee Tarrant, aliyewahi kuiendesha, alikuwa ameniita nimpelekee Ushirika Mtakatifu. Nilipofika alikuwa ameshakata roho.

Mjane wake aliniomba nakala ya picha. "Najua wagonjwa walikuzidi siku ile, Mchungaji," aliniambia. Kisha akaicheka: "Moshi wote huo! Mzee wangu angefoka, dereva gani huyu?"

Ameitundika juu ya kitanda chake. Kila nikienda kusali naye, ananikalisha mkabala nayo.

Nduguyo,
Ambrose