Jaribio Linaloanza na Arobaini na Moja

3 Machi
Dada,
Shikamoo. Huku hatujambo, Baba tu anasumbuliwa na macho. Kazi yangu imefika kwenu: ile sehemu ya kuiwezesha kompaila yenu kutafsiri programu kwa ajili ya prosesa yetu mpya. Wakaguzi wa mradi wenu ndio wenye mlango, nami nina dada mkaguzi! Ikipokelewa nitaitunza mwenyewe. Naapa.
Mdogo wako

21 Machi
Mdogo wangu,
Marahaba. Poleni na macho.
Viapo nimevizoea. Kila anayeleta prosesa huapa atabaki. Ikishapokelewa anayeyuka, na sisi wa kujitolea tunabaki kufagia. Ndiyo maana tunadai jina la mtunzaji, tena la kweli. Kazi yako ni safi. Safi mno kwa mtu asiyejua kukunja shuka. Nani kaiandika?
Dada yako

25 Machi
Dada,
Shikamoo. Mafua yamepona? Ulizaliwa na shaka wewe, hata uji uliunusa kwanza. Nimeandika mimi, nani mwingine?
Mdogo wako

2 Aprili
Mdogo wangu,
Marahaba. Mafua yameisha, shaka bado. Majaribio yako yote ya kuipima kazi yanaanza na namba 41. Si sifuri, si moja. Hiyo ni namba ya nyumba tuliyohama kabla hujazaliwa. Ni mtu mmoja tu anayejaribu kila kitu kwa namba hiyo, na hajanisemesha miaka tisa, tangu nilipoikataa kazi yake mbele ya wenzake. Kama ananizunguka kwa kupitia kwako, nimeifungia kazi hii mlango. Imeniuma.
Dada yako

30 Juni
Dada,
Shikamoo. Nisamehe kimya, alinikataza kukujibu. Ni Baba. Anasema mwaka ule haki ilikuwa yako, ila kukubali kulimshinda. Alitaka umkague bila hasira wala huruma. Maandishi ya kwenye skrini hayaoni tena, namsomea mimi. Nilipomsomea shaka zako alicheka: "Huyo ndiye binti yangu." Siku hizi hacheki.
Mdogo wako

8 Julai
Mdogo wangu,
Marahaba. Nimeifungulia kazi mlango tena. Kwenye faili la watunzaji nimefuta jina lako, mwongo mkubwa we, nikaandika la Baba. Chini yake langu. Kwa hiyo nimejitoa kwenye ukaguzi, maana kwetu mtunzaji hapitishi kazi yake mwenyewe, atakagua mwingine. Mwambie kwenye kugawanya namba hasi bado simwamini: jaribio lake la 41 linafeli. Na asikutume wewe kunijibu. Namba yangu ya simu ni ileile.
Dada yako