Hema Letu na Nyumba ya Mama

Dada yangu Kwamboka,

Pokea salamu hizi ukiwa umeketi, maana najua siku hizi goti halikuruhusu kusimama sana. Ile dawa ya kupaka imesaidia? Na shemeji, kikohozi kimempisha apumue? Sisi huku Amerika tuko hai. Mke wangu Kerubo anaenda kazini, Bosibori wetu anaenda shule, nami bado ninawaogesha wazee wa watu katika nyumba yao ya kutunziwa. Mwili hauna neno. Roho ndiyo sijui niseme nini.

Swali lako nimelisikia mara tatu kwenye simu, na mara tatu nimejifanya mtandao umepotea. Haukupotea, dada. Nilikusikia vizuri uliposema, "Omwenga, sema tu. Unakuja ama hukuji? Ombati amechoka kungoja, hiyo mabati inavuja na mchwa imeingia." Desturi naijua. Mimi ndiye kitinda mimba, nyumba ya Mama ni yangu, na kaka yetu Ombati hawezi kuigusa mpaka nije niifungue au nitamke kwamba nimeiacha. Tangu mumzike Mama imefungwa kufuli, na kufuli hiyo inaningoja mimi. Jibu limo humu ndani. Lakini vumilia kwanza nikuhadithie tulikokwenda, kwa sababu huko ndiko nilikolipata.

Bosibori alitusumbua mwezi mzima. Wenzake shuleni wote wamewahi kupiga kambi, yeye peke yake hajawahi. Watu wa huku wana nyumba zenye joto na vitanda virefu, halafu wakipata likizo wanaziacha wakalale nje kwenye nyasi kama waliofukuzwa. Cheka, hata mimi nilicheka. Tukaenda kwenye mbuga moja ya jimbo, kando ya mto, ambapo juu ya kilima kuna ngome ya zamani ya wanajeshi. Ni mahali pa historia, wakatuambia langoni, na wakatupa karatasi ya ramani.

Nikatafuta mahali pa tambarare, nikapigilia vigingi, nikasimamisha hema. Kerubo akatandika leso chini, akaketi amenyoosha miguu, kichwa amekifunga. Nikaanza kupanga kuni. Bosibori alikuwa amesimama pembeni akituangalia, mimi kisha mama yake kisha hema. Akauliza kwa sauti ndogo, "Baba, nani amekufa?"

Sikumkemea. Ningemkemea kwa lipi? Ana miaka saba na kwetu hajawahi kukanyaga. Anaijua Ekerenyo, kijiji chetu, kwa simu tu, na ni lini tunampa simu aione? Siku ya mazishi. Aliona hema la mjomba, halafu akaona hema la nyanya yake, watu wameketi chini, moto unafuka moshi uani, jeneza mbele. Kwa mtoto huyu, kwetu ni mahali pa hema. Nikamwambia hakuna aliyekufa, tumekuja kustarehe. Hakuniamini, na nilipomtazama Kerubo pale kwenye leso, hata mimi sikujiamini.

Basi muda si mrefu akaja jirani wa hema la pili, mzungu mmoja mwenye ndevu, amebeba mzigo wa kuni begani. Mkewe nyuma yake na dumu la maji. Hawakusema mengi, waliweka chini, wakatutakia mema. Ni ukarimu wao tu wa kambi. Lakini Kerubo aliinuka akawapokea kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, akawaambia asanteni kwa kuja. Walipogeuka akanishika mkono machozi yanamtoka. "Wamejuaje tumefiwa?"

Dada, wewe unajua kwetu ni nani anayeletewa kuni na maji. Mama alipokufa hakuna mtu aliyetuletea hata kijiti. Nilitazama mazishi kwenye simu nikiwa katika chumba cha kufulia nguo kazini, kisha nikarudi kumwogesha bibi wa watu. Mama za wengine nawashika kila siku, na wangu sikumshika hata kidole. Jioni ile tulikaa karibu na moto wa kuni za yule mzungu, na Kerubo akaimba pole pole ule wimbo wa kanisani alioupenda Mama. Nikalia mpaka Bosibori akaja kunipangusa kwa mkono wake wa jasho. Ndiyo matanga niliyompa Mama, na sikuwa nimeyapanga.

Asubuhi tukatembea chini kwenye majani marefu. Kuna kibao pale. Zamani wanajeshi wa ngome ile waliwakusanya wenyeji wa asili wa nchi hii, kina mama, watoto na wazee, wakawafungia kwenye nyasi zile kipindi chote cha baridi. Wengi walifia hapo hapo. Waliobaki walipakiwa kwenye meli za mtoni wakapelekwa mbali, wasirudi. Nilisoma mara mbili. Sisi tulikuwa tumelala hatua chache kutoka hapo, tumechoma mahindi na soseji.

Mzee mmoja wa wenyeji hao alikuwa pale akifunga vitambaa vyekundu kwenye mti. Nikavua kofia, nikamwomba radhi kwa kuwasha moto karibu na makaburi ya watu wake bila kubisha hodi. Akasema nyanya wa nyanya yake alifia humo, lakini hakuna anayejua ni wapi hasa. "Kwa hiyo naisalimu ardhi yote," akasema. Hakuwa na hasira. Nadhani ningependa awe na hasira.

Tukiwa tunarudi Bosibori akauliza, "Sisi tunajua nyanya yuko wapi?" Nikajibu haraka, bila shaka, yuko kushoto kwa nyumba yake, kina mama hulazwa kushoto. Akasema, "Nyumba ipi?" Hapo nikakumbuka kufuli.

Sasa jibu lako, dada. Siji. Wakili wa karatasi zangu za kuishi huku amenieleza wazi kwamba nikitoka nje ya nchi kabla kesi haijaamuliwa, mlango nitaufunga mwenyewe, na mke na mtoto watabaki upande huu. Kesi haina mwisho ninaouona. Nilikuwa nasema mwakani ili nisiliseme neno hili. Mwambie Ombati nimeiacha nyumba, kwa kinywa changu, bila kinyongo. Aibomoe, apande majani chai yake. Inaniuma kuandika hivi.

Ila nyumba ikiondoka, dada, kushoto kutakuwa kushoto kwa kitu gani? Kaburi la Mama ni udongo mtupu, na chai haichukui muda kufunika. Kabla hawajang'oa bati la kwanza, fika Ekerenyo, uingie wewe jikoni. Chukua yale mafiga matatu aliyotupikia, uyapange pale mlango ulipo sasa, na Ombati asipande juu yake. Kisha nipimie kwa hatua zako, kutoka kwenye mafiga mpaka kichwani kwa Mama, uniandikie. Goti likikataa, mshike mtu mkono, lakini hatua ziwe zako.

Nisalimie shemeji na wanao wote hapo Mosocho. Msalimie Ombati na mkewe, waambie sina neno nao. Na yule mama Mwislamu wa duka aliyekuwa akimwekea Mama sukari, umwambie nilimwona mazishini kwenye simu, na sikusahau.

Hatua hizo nitamfundisha Bosibori azihesabu hapa kwenye zulia, mpaka azijue bila mimi.

Ni mimi ndugu yako, wa mwisho tumboni mwa Mama,
Omwenga