Nilidhani Unafanya Mazoezi

Baba Zuhura, mume wangu,

Salamu huko uliko. Sisi hapa Mtendeni wazima, ila foleni ya sukari imenisimamisha tangu alfajiri na nimerudi na kilo moja tu, kwa hiyo nina hasira, na hasira zangu unazijua. Leo nazileta kwako. Nina neno na wewe.

Unakumbuka msiba wa mzee Kondo, jirani yetu Mzaramo? Watu wanalia, wewe ukaingia uani umevaa koti lake, Mnyamwezi umekuja kudai haki yako ya utani, utani wenyewe wa tangu babu zako walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Ukatembea kama marehemu. Ukashika kiuno, ukaburuta mguu, kila baada ya hatua chache ukasimama ukijifanya unatazama kuku wa watu, kumbe unatafuta pumzi. Mjane mwenyewe alicheka huku machozi yanamtoka. Yule daktari, Mzaramo mwenzake marehemu, hakucheka. Alikufuata ulipokuwa ukinawa mikono, akakwambia, "Mtani, umeonyesha moyo wa mzee ulivyokuwa ukichoka. Mimi nafundisha wanafunzi wa udaktari. Vitabu wanavijua, lakini hawajui kutazama mtu. Njoo uwafundishe kutazama."

Ukarudi nyumbani na maringo yako. "Mama Zuhura, fundi cherehani nimekuwa mwalimu wa madaktari!"

Nikakwambia, "Mwalimu gani? Umeajiriwa kuugua." Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Ukawa unakwenda kila Jumatano. Daktari alisema nchi imejitawala, madaktari tutawasomesha wenyewe, na wasije wakatibu watu kama wanaotengeneza baiskeli. Mara wewe ni mkulima wa tumbaku kutoka kijiji cha ujamaa, umeishiwa damu lakini unaogopa wenzako watakuita mvivu. Mara ni mama mjamzito, umejifunga khanga yangu ya maua, nami naitafuta siku nzima. Wanafunzi wanakuuliza maswali, wanakupapasa, kisha mnakaa wote mnazungumza walivyokutendea. Walikusalimia kwanza? Walikusikiliza au walikukatiza? Ulikuwa ukirudi umechangamka, unaniigizia wanafunzi wenyewe, hasa yule aliyeuliza swali huku anatazama dirishani.

Kisha ikaja zamu ya kikohozi.

Hapa ndipo ninapokukamata, Baba Zuhura. Ulianza kukohoa kwenye cherehani. Nikauliza vipi. Ukasema, "Nafanya mazoezi, mke wangu. Jumatano mimi ni mgonjwa wa kifua." Nikaamini. Nani asingeamini? Katika nyumba hii nilikuwa nimekwishawapikia wagonjwa wa kila aina, na wote ni wewe. Hata nikawa nakusahihisha! "Hicho kimezidi, punguza." Na ulipunguza, maskini, ulikibana mpaka mishipa ya shingo ikakutoka. Ukakonda, ukasema mgonjwa wa kifua hawezi kuwa na kitambi. Halafu vile vipande vya vitambaa vinavyobaki ukikata suti, vile ninavyojazia mito, vikaanza kuadimika, na kazi ilikuwa nyingi tu. Nikakuuliza vinakwenda wapi. Ukasema panya.

Panya! Mwongo mkubwa wewe.

Najua ulichoogopa. Kifua kikuu kilikuwa na tiba, sindano zilikuwepo, daktari alikuwa mtani wako. Lakini ungelazwa miezi na miezi mbali na nyumbani, na mji mzima ungejua. Nani angevaa suti iliyoshonwa na mtu anayekohoa damu? Hayo nayaelewa. Nisichokielewa mpaka leo ni kwamba kule uliweza kuyasema.

Daktari amenieleza. Siku ile ulikohoa mbele yao, ukasimulia jasho la usiku, ukasimulia jinsi mtu anavyochoma vitambaa vyenye damu nyuma ya choo mkewe akienda sokoni. Mwanafunzi mmoja akakuuliza kwa nini humwambii mkeo. Ukajibu, "Nikimwambia ataacha kunitania." Wakapiga makofi. Daktari naye akapiga. Anasema hajawahi kuona maigizo kama yale. Ulikuwa umesema kila kitu, mume wangu, kwa watoto wa watu usiowajua, na mimi niko sokoni nakutafutia nyama angalau unenepe kidogo.

Ulipoanguka juu ya cherehani tulikuwa tumekwishachelewa. Matangani ikawa zamu ya mtani wako, yule daktari, kukuigiza. Akavaa kofia yako, akakohoa mara moja, akakaa chini akafunika uso. Hakuna aliyecheka. Nilimchukia siku ile, na sijui kama nimeacha.

Wiki iliyopita alikuja hapa. "Shemeji, nimekuja kukuomba." Anataka nishike nafasi yako ya Jumatano. Nilimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Ule mchezo tuliucheza nusu, shemeji. Tuliwafundisha kumtazama mgonjwa. Hatukuwafundisha kwenda kwa mkewe."

Neno hilo limenisumbua sana. Sijui mchezo wenu uliwafundisha madaktari au ulikuficha wewe. Huenda yote mawili, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana nilikwenda. Wakanikalisha kwenye kiti: mimi ni mke wa mgonjwa wa kifua, wao ndio wanipe habari. Kijana wa kwanza alizungumza na meza. Wa pili alinitajia majina ya dawa mpaka nikasinzia. Wa tatu alikuwa binti wa watu wa Lusu, kule Nzega. Akavuta kiti chake karibu na changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akasema, "Mama, mumeo anaumwa kifua kikuu. Anaogopa kukuambia. Lakini bado tumewahi, atapona."

Bado tumewahi! Baba Zuhura, miguu ilininyanyua yenyewe. Nikajifunga khanga kiunoni, nikasema, "Yuko wapi? Nipelekeni sasa hivi." Nilikuwa nakwenda mlangoni kweli. Wallahi, nilikuwa nakufuata wewe.

Wakapiga makofi, chumba kizima.

Yule binti peke yake hakupiga. Alinifuata mlangoni, akanishika mkono, akaniuliza polepole wengine wasisikie, "Mama, alifariki lini?"

Nikamwambia. Nikalia palepale, mbele ya watoto wa watu, na yeye hakuuachia mkono wangu. Jumatano nitarudi.

Pumzika, mume wangu. Na huko uliko, likikuuma jambo, usimwigizie mtu.

Mkeo,
Mama Zuhura